Chenso ya inchi ngapi kwa miti ya kihamba? Grevilea, mikaratusi na mringaringa mmoja mkubwa

Kijana wa Marangu

Wakuu habari za leo, na wazee wote shikamooni. Niko Marangu huku juu, mzee wangu mgongo unamsumbua kwa hiyo kazi ya kihamba, yaani shamba letu la nyumbani la kahawa na migomba, imebaki kwangu, na sasa nataka ninunue chenso manake kila nikitaka kukata hata mti mmoja namsubiri jamaa mwenye mashine wiki mbili, akija anakata anavyotaka yeye na kahawa zinavunjika. Kihambani kuna grevilea kama arobaini hivi, zilipandwa kwa ajili ya kivuli cha kahawa, kuna mikaratusi tisa mpakani karibu na mfereji, kuna miparachichi miwili ya zamani imeshachoka, alafu kuna mringaringa mkubwa sana alioupanda babu, huo uliangushwa na upepo wakati wa mvua za mwezi wa nne na mpaka leo umelala juu ya migomba.

Jana nimeshuka Moshi mjini kuulizia. Duka la kwanza muuzaji kaniambia chukua hii ya inchi 22, imeandikwa cc 58, inakata kila kitu, kama laki nne hivi. Duka la pili wamenionyesha Stihl ndogo ya inchi 14, cc thelathini na kitu, na bei ni zaidi ya mara mbili ya ile. Nimerudi na hela yangu mfukoni sijanunua. Yaani sielewi, inchi 22 si ndo kubwa, kwa nini ndogo iwe ghali? Na kwa miti niliyoitaja nichukue saizi gani? Kazi yenyewe ni kupunguza matawi kila mwaka, kuangusha grevilea mbili tatu na kupata kuni za nyumbani, na mbao kidogo kama inawezekana. Sitaki kununua mara mbili.

Fundi wa Tupa, Arusha

Mdogo wangu umefanya vizuri kurudi na hela yako. Mimi kazi yangu ni kutengeneza hizi mashine, zinakuja mezani kwangu kila siku, na nyingi zinazokuja zimekufa ni kwa sababu hiyohiyo ya inchi.

Ngoja nikueleze, inchi ni urefu wa baa, lile bapa la chuma ambalo cheni inazunguka. Inchi sio nguvu. Nguvu ni injini, ni cc, yaani ujazo wa silinda, na hata cc iliyoandikwa kwenye kava inategemea nani kaiandika, nimeshafungua mashine imeandikwa 58 nikapima silinda kwa kalipa nikakuta haifiki. Baa ndefu mtu yeyote anaweza kuifunga kwenye injini yoyote, ni nati mbili tu. Lakini ukifunga baa ndefu kwenye injini ndogo, ile cheni yote lazima izungushwe, meno mengi yanakuwa ndani ya mti kwa wakati mmoja, na pampu ya oili nayo ni ndogo, oili haifiki mbele. Sasa inakuwaje, cheni inapungua mwendo, wewe unaona haikati, unaanza kuikandamiza, klachi inateleza inapata moto, baa inabadilika rangi inakuwa ya bluu, na mwisho pistoni inakwaruzika. Juzi nimefungua moja ya namna hiyo, upande wa ekzosi pistoni ina mistari kama imekwanguliwa na msumari, ringi imeganda kwenye njia yake haitoki hata kwa bisibisi. Mwenyewe kaitumia msimu mmoja tu.

Kwa hiyo anza na mti ndo uje kwenye baa, na baa ndo ikupeleke kwenye injini. Baa iwe ndefu kuliko unene wa mti unaoukata mara nyingi, izidi kama inchi 2. Alafu injini ya cc 30 mpaka 40 inabeba inchi 12 mpaka 16. Cc 45 mpaka 55 inabeba 16 mpaka 18, na 20 ikiwa mti ni laini. Cc 60 na kitu ni 18 mpaka 24, cc 70 ni 20 mpaka 28, ukifika cc 90 hapo ndo unafunga 30 na zaidi. Hizo ni za miti ya kawaida, mti ukiwa mgumu na mkavu shuka saizi moja ya baa kwenye injini ileile.

Pima miti yako kwanza. Chukua kamba izungushe kwenye shina usawa wa kifua, pima ile kamba kwa futi, gawanya kwa 3.14 unapata unene. Ukija na namba hapa tunaongea vizuri.

Chalii wa Ngaramtoni

Oya mi naona mnamzungusha tu mshkaji, chukua cc 72 umalize kazi, mimi natumia Stihl 381 na baa ya 25, nimeangushia mikaratusi huku Ngaramtoni mpaka Oldonyosambu haijawahi kuniangusha. Mashine kubwa inafanya kazi ya ndogo lakini ndogo haiwezi ya kubwa. Mbao pia utapasua mwenyewe, hela ya mpasuaji inabaki mfukoni kwako.

Mama Kuni, Usa River

Samahani kaka zangu naomba niseme na mimi, nina banda la kuni na mbao Usa River mwaka wa nane sasa, nimenunua mashine nne kwa hela yangu kwa hiyo najua uchungu wake.

Ya kwanza kabisa niliambiwa hivyohivyo na muuzaji, chukua kubwa mama, kubwa inafanya kila kitu. Nikachukua. Vijana wangu kazi yao ni kukata magogo ya grevilea na mgunga vipande vya futi moja na nusu kwa ajili ya kuni, asubuhi mpaka jioni, mashine ile na baa na mafuta ndani ilikuwa inakaribia kilo 9. Ikifika saa saba mchana namwona kijana mikono inamtetemeka hawezi hata kushika kikombe cha chai, na mtu akichoka mashine inaanza kugusa chini, ikigusa udongo mara moja tu cheni imekufa, unasimama kunoa. Petroli nayo inakunywa. Nikaja kununua ya cc 45 na inchi 16, vijana walewale, magogo yaleyale, kuni zikaongezeka kwa siku. Kubwa ikabaki ya kazi za magogo makubwa, inatoka mara moja kwa wiki.

Kwa hiyo kaka wa Ngaramtoni nakuheshimu, wewe ni mwangushaji kila siku uko na mikaratusi minene, mwili wako umeshaizoea. Huyu mdogo wetu anakata matawi kihambani, anapita katikati ya kahawa na migomba, kwenye mteremko. Cc 72 pale itamchosha na mtu aliyechoka akiwa na chenso mkononi hapo ndo pa kuogopa.

Na mti wenyewe uangalie mdogo wangu, sio unene tu. Grevilea mbichi inakatika laini kabisa hata mashine ndogo inatembea. Ikikauka inakuwa nyingine. Mkaratusi mbichi haujambo, ila ule uliokaa mwaka mzima juani ni kama unakata jiwe. Mgunga mkavu ndo usiseme, hapo cheni nanoa kila baada ya tanki moja la mafuta, saa nyingine kabla. Parachichi laini sana hiyo isikusumbue kichwa.

Kijana wa Marangu

Asanteni sana, Mama Kuni Mungu akubariki hapo kwenye mteremko umenigusa, kihamba chetu kimelala kabisa kuelekea mtoni. Nimeshapima leo asubuhi na kamba ya mbuzi. Grevilea nyingi mzingo ni kati ya sentimita 80 na 115, moja tu imefika 140. Mikaratusi mnene kuliko wote 157. Miparachichi 120 na 130. Ule mringaringa niliupima ukiwa umelala, nilitoboa njia kwenye migomba nikapitisha kamba chini, 220. Fundi nisaidie hesabu.

Fundi wa Tupa, Arusha

Safi sana. Grevilea zako basi ni sentimita 25 mpaka 37, yaani inchi 10 mpaka 15, na ile moja ni kama 45, inchi 17 na nusu. Mkaratusi mnene sentimita 50, inchi 20. Parachichi sentimita 38 na 41, hiyo ni inchi 15, 16. Mringaringa sentimita 70, inchi 27 na nusu hivi.

Unaona sasa, ukiutoa mringaringa na ule mkaratusi mmoja, miti yako yote iko chini ya inchi 18. Mashine yako ni cc 45 mpaka 50 na baa ya 16 au 18. Mimi ningechukua 18 kwa sababu ya mikaratusi. Mfano Stihl MS 250 ni cc 45.4, uzito kilo 4.6 kabla hujafunga baa na cheni, Husqvarna nao wana saizi hiyohiyo, angalia mji wako nani ana spea na fundi wa karibu, chukua hiyo. Ile ya inchi 14 ya cc 30 sio mbaya, ni mashine nzuri tu kwa matawi na kuni nyembamba, ila mikaratusi tisa ingeisumbua. Na mti wenye inchi 20 unakatwa na baa ya 18 bila shida, unaingia upande mmoja unamalizia upande wa pili.

Kuhusu kupasua mbao. Kukata mti kwa kuukatiza na kuupasua kwa urefu ni kazi mbili tofauti kabisa. Ukipasua unafuata nyuzi za mti, injini inakaa kwenye mzigo kamili dakika kumi bila kupumua, na cheni yenyewe inanolewa tofauti, ya kukatiza nanoa nyuzi 30, ya kupasulia naishusha mpaka 10. Wapasuaji wa huku wanatumia cc 70, 90, wengine zile Stihl 070 za zamani zenye cc 106, na wana sababu. Usipasue mbao na cc 45, utaniletea mezani hapa na mimi sipendi kupokea mashine mpya.

Mzee wa Sanya Juu

Marahaba vijana. Nimekata miti tangu enzi za misumeno ya watu wawili, nimefanya kazi mashamba ya miti ya West Kilimanjaro, misindano na misaiprasi, miaka mingi. Nimesoma yote mliyoandika, fundi na huyu mama wamesema kweli tupu. Naongezea kwa kijana wetu mambo ambayo dukani hawatakuambia.

Mwanangu mkaratusi una mkazo ndani yake. Ukiwa umesimama huoni, ila ukianza kukata gogo lililolala unaona njia ya msumeno inajifunga, mti unabana baa kama koleo. Mimi mwaka fulani nilibanwa hivyo shambani kwa mtu, nikavuta kwa hasira, baa ikapinda, siku nzima ikaisha hapo. Dawa ni kabari, chonga mbili za mti mgumu au nunua za plastiki, tembea nazo mfukoni, ukishaingia theluthi moja unaipiga nyuma ya baa. Usitumie kabari ya chuma, cheni ikiigusa meno yote yanakwenda. Na kabla hujakata gogo angalia limelalia wapi, kama ncha mbili zimeshikwa na katikati pako hewani basi anza juu kidogo umalizie chini, kama ncha inaning'inia anza chini kidogo umalizie juu.

Ncha ya baa, ile robo ya juu pale mbele, usiiguse kwenye kitu chochote. Ikigusa inaruka kukurudia usoni kabla hujafikiri. Baa ikiwa ndefu kuliko unachokata ile ncha inatokeza upande wa pili usikoona, inagusa tawi au jiwe, na ndo maana kwa mtu anayeanza na kazi yake ni matawi, ya inchi 22 nisingempa hata kwa bure. Hakikisha mashine ina breki ya cheni na inafanya kazi, isukume kwa mkono ujaribu kila asubuhi. Zile 070 za zamani alizozitaja fundi hazina breki hiyo, waachie waliozizoea. Usikate kitu kilicho juu ya bega, usipande ngazi na chenso. Buti, kofia, miwani, na kitu cha kuziba masikio. Mimi sikio la kushoto halisikii vizuri, hatukuziba.

Sasa huo mringaringa. Huo si mti wa kuni. Mbao yake ni nzuri kwa samani, wazee walichonga ngoma na mizinga ya nyuki. Usiuguse na mashine yako mpya. Kwanza nenda kwa afisa misitu wa wilaya ukamweleze, ni mti wa asili, na huku Kilimanjaro hata ukiwa wa kwako na umeanguka wenyewe pata kibali ndo ukate, na kama utasafirisha mbao uliza na hati ya kusafirishia. Ukishapata, mwite mpasuaji mwenye mashine ya cc 90, mlipe siku yake, wewe simama pembeni umwambie unataka mbao za unene gani. Gogo la inchi 27 utalipasua mara moja maishani mwako, usinunue mashine kwa ajili ya siku hiyo moja.

Chalii wa Ngaramtoni

Mzee shikamoo. Hapo kwa siku moja sina cha kujibu, kweli mimi nilikuwa naangalia kazi yangu. Dogo fuata hao. Ila chukua cheni ya ziada siku hiyohiyo ya kununua, na usome zile namba karibu na shina la baa kabla hujaondoka dukani, watu wengi wanarudi na cheni isiyoingia. Unahitaji namba tatu, pichi (nafasi kati ya viungo vya cheni), unene wa jino la chini linalokaa kwenye mfereji wa baa, na idadi ya hayo meno ya chini. Inchi 18 peke yake haitoshi kununulia cheni.

Fundi wa Tupa, Arusha

Ahsante chalii, umemaliza. Mashine za saizi hiyo nyingi ni pichi 325, yaani inchi 0.325, tupa yake ni ya duara milimita 4.8. Zile ndogo za cc 30 zinatumia tupa ya 4.0, na za cc 70 ni 5.2 au 5.5. Ukinunua tupa ya saizi nyingine unaharibu jino badala ya kulinoa. Noa mara tatu nne kila jino, ukisukuma mbele tu, usivute nyuma. Angalia vumbi linalotoka, likiwa vipande vipande kama chips cheni ina makali, likiwa unga kama wa sembe simama unoe. Kile kidole kilicho mbele ya jino nacho kishushe kidogo baada ya kunoa mara kadhaa, kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65, ukikishusha sana mashine inaanza kurusharusha.

La mwisho, na hili ni la huko kwenu juu. Moshi mjini ni mita 800 na kitu, geti la Marangu ni kama mita 1,860. Hewa huko ni nyepesi, injini inapoteza nguvu, kadiria asilimia 3 kila mita 300 unazopanda, na kabureta iliyosetiwa pwani ikifika kwenu inakuwa inamwaga petroli nyingi, moshi mzito, plagi inakuwa nyeusi, haivuti. Ukinunua mwambie fundi wa hapohapo Moshi kwamba unakwenda kufanyia kazi Marangu, aiseti kwa huko. Usishike zile skrubu mwenyewe, ukizibana sana mafuta yanakuwa machache na pistoni inaungua. Sababu nyingine ya kutofunga baa ndefu ndo hiyo, cc 45 yako huko juu sio 45 ya Dar. Mafuta ni moja kwa hamsini ukitumia oili nzuri ya 2T, lita 5 za petroli na mililita 100 za oili, pima kwa kikombe chenye alama, usikadirie kwa kifuniko.

Mama Kuni, Usa River

Na oili ya cheni usiweke ile chafu iliyotolewa kwenye gari. Najua wengi wanaweka. Ina vichuma vidogo inakula pampu na baa, na kihambani inadondoka kwenye kahawa yako na mfereji wenu wa maji uko hapo.

Kijana wa Marangu

Wakuu nimerudi, imepita kama wiki tatu. Nimechukua ya cc 45 na baa ya 18, cheni mbili, tupa ya 4.8, niliongeza hela kidogo kwa kuuza ndama. Fundi wa Moshi ameiseti, nikamwambia ni ya Marangu akacheka akasema wewe umefundishwa na nani. Tumeanza na grevilea mbili zilizokuwa zinaziba kahawa, mzee amekaa kwenye kigoda ananielekeza upande wa kuangushia, hatujavunja mche hata mmoja. Nimenoa mara mbili. Ya kwanza bado ilitoa unga, nikarudia polepole kama fundi alivyosema, ikaanza kutoa chips.

Kwa afisa misitu nimekwenda Jumatatu, nimejaza fomu, atakuja kuuona mringaringa. Mama yangu anataka kabati la vyombo na meza ya watu kumi itoke humo. Mzee wa Sanya Juu, shikamoo tena, mpasuaji akija nimwambie aanzie upande wa shina au wa juu?

Mzee wa Sanya Juu

Marahaba mwanangu. Aanzie shina. Na kwanza mwambie aumwagie maji apige brashi ya waya kwenye gome lote, umelala chini tangu mwezi wa nne una mchanga, mchanga utamlia cheni kabla hajafika katikati. Mbao za meza mwambie akate inchi 2, zipangeni kivulini na vijiti katikati zipumue, zikae miezi, msimpe seremala zikiwa mbichi hata akisema yuko tayari.

Kijana wa Marangu

Nimekuelewa mzee. Kivuli kipo nyuma ya banda la ng'ombe, naanza kusafisha leo.